Bafta Nyeupe na Maji ya Jirani

Siku ile walikuwepo mwalimu mkuu na msaidizi wake, karani wa liwali aliyekuja kutoka Newala kwa baiskeli, katekista wa kanisa letu, mwalimu wa chuo cha Kurani, mwenye duka, mjomba wangu, wazazi waliobanana kwenye madawati ya watoto wao hata magoti yakawagonga videvu, jirani yetu, na mimi. Nawataja wote kwa sababu wote walisikia nilichosema. Hakuna hata mmoja ninayeweza kumwambia kwamba hakunisikia vizuri.

Mimi sikuwa mzazi wa mtu. Nilikuwa msichana ambaye bado hajaposwa, lakini nilikuwa na watoto wawili katika shule ile, mdogo wangu wa kiume na mdogo wangu wa kike. Mama yetu alitangulia kufa, na baba akafuata kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Tuliishi Masasi wakati huo, upande wa Mkomaindo, na mimi nilikuwa darasa la nne. Siku nilipoacha shule hakuna aliyenifukuza. Niliamka asubuhi, nikaona mdogo wangu wa kike hajala, nikakoka moto, na jua lilipopanda nikajua sitakwenda tena.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa hiyo, baada ya msiba, mjomba alishuka kutoka Mnyambe kuja kutuchukua. Alitupakiza kwenye lori lililokwisha shusha korosho, tukapanda uwanda wa juu tukiwa tumeshikilia masufuria yetu. Alikuwa ametutengenezea nyumba pembeni ya kiwanja chake. Nyumba ilikuwa nzuri. Tulikuta mtungi mkubwa mlangoni, nami kwa mazoea ya Masasi nikachota maji nikanawisha watoto miguu, nyuso, mikono hadi kwenye viwiko, kisha nikamwaga yaliyobaki nje ili nisafishe kata ya kuchotea. Mke wa mjomba alisimama akaniangalia. Ilikuwa kama nimemwaga unga.

Masasi maji yalikuwa karibu. Juu kule maji yalikuwa bondeni. Wanawake waliondoka kabla ya alfajiri, wakashuka genge lote, ule ukingo mkali wa uwanda, kwa njia nyembamba ya mchanga na mawe, wakangoja zamu kwenye kisima, wakapanda tena na mtungi kichwani, na walipofika nyumbani watoto walikuwa wakijiandaa kwenda shule. Masika watu walikinga maji ya paa. Kiangazi kilikuwa kirefu.

Mara ya kwanza niliposhuka nilivunja mtungi. Niliteleza wakati wa kupanda, nikakaa njiani nimelowa, vigae vimenizunguka, nikalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanipita, akatua mtungi wake, akarudi.

"Umeumia?"

"Hapana, mama."

"Basi unalilia mtungi?"

"Nalilia maji."

Akacheka. "Wewe ndiye yule wa Masasi. Inuka. Maji hayaliliwi, huchotwa. Nenda kakae na wadogo zako. Mimi hushuka kila siku hata hivyo."

Huyo ndiye jirani yetu. Mume wake alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, na alikuwa na watoto wanne. Mkubwa wao alikuwa binti wa umri wa mdogo wangu wa kike, tena wa darasa moja naye. Kule, nyumba ikifiwa, majirani huichotea maji mpaka arobaini ipite. Yetu ilikuwa imepita tukiwa Masasi, lakini jirani alisema arobaini ya Masasi haihesabiki Mnyambe, akaanza upya. Alishuka na binti yake. Yeye alibeba mtungi, binti akabeba debe, na walipofika juu mtungi ulikwenda kwao, debe likaja kwetu. Binti alilimimina kwenye mtungi wetu, akanawa uso kwa kiganja kimoja cha maji, akamngoja mdogo wangu avae, wakaenda shule pamoja.

Siku arobaini zikaisha. Debe likaendelea kuja. Nami nilijifunza kushuka, sikukaa tu. Nilishuka siku ambazo shamba halikunishika, nikapanda na mtungi wangu bila kuuvunja, na taratibu nikaanza kujiona mtu anayejitegemea. Debe la asubuhi nikalizoea kama mtu anavyozoea kuku kuwika.

Sasa nieleze habari ya nguo, maana ndiyo iliyotukusanya.

Ile ilikuwa shule ya Serikali ya Wenyeji, na kila mtoto alikuja na alichonacho. Mtoto wa mwenye duka alikuja na kaptura ya kaki yenye mikunjo ya pasi. Watoto wa walimu walivaa mashati. Wengine walifunga merikani shingoni, wasichana wengi walijifunga kaniki nyeusi, na mdogo wangu wa kike alivaa gauni nililolikata katika shati la kazi la baba. Mfuko wa shati ulikuwa umeangukia tumboni, na sikuutoa kwa sababu nguo ingebaki na tundu. Watoto wakamwita Mfuko. "Mfuko, tuwekee njugu!" "Mfuko, una senti ngapi leo?" Alikuwa akirudi nyumbani halali mchana, anakaa nyuma ya nyumba akivuta nyuzi za mfuko ule moja moja kwa kijiti. Nilimchapa kwa kuharibu nguo. Halafu nikamwuliza, akaniambia.

Kwa hiyo niliposikia mwalimu mkuu anaitisha kikao kupanga vazi moja la watoto wote, moyo wangu ulikuwa umekwisha kubali kabla sijajua ni vazi gani.

Mwalimu mkuu alikuwa kijana mwembamba, mgeni kwetu, mwenye maneno mazuri. Alisimama mbele ya ubao akasema shule haiwezi kuwa na matajiri na maskini, na kwamba mtoto akiona mwenzake amevaa kama yeye atashika kitabu bila aibu. Tulikubaliana naye wote. Kisha mwalimu wa chuo akauliza habari ya kofia na vichwa vya wasichana wa Kiislamu.

"Kofia ruksa," mwalimu mkuu akasema, "na kitambaa cha kichwa ruksa."

"Na misalaba?" katekista akauliza.

"Ndani ya nguo."

"Alhamdulillahi," mwalimu wa chuo akasema, na katekista akacheka kuliko wote. Mpaka hapo kikao kilikwenda kwa amani. Nimewahi kusikia kwamba mahali pengine watu waligombana kwa habari hizo hizo za kofia. Sisi hazikutushinda. Tulishindwa na rangi.

Mwalimu alitaka nyeupe. Gauni la bafta kwa wasichana, shati la bafta na kaptura ya kaki kwa wavulana, na kila Jumatatu asubuhi watapanga mstari wakaguliwe usafi.

"Bafta tunawavika waliokwisha maliza kazi," mwalimu wa chuo akasema. Watu wakacheka, maana sanda nayo ni bafta.

Mjomba akainua mkono. "Mwalimu, huko ndani mnafundisha hesabu au kufua?"

"Vyote, mzee."

"Basi na kisima mtachimba?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mwalimu akangoja kitulie. Hapo jirani yetu akasimama, mtoto wake mdogo amelala mgongoni. Hakuwa mzungumzaji wa vikao. Alisema haraka, akiwa ameangalia sakafu.

"Shikamooni. Mimi nasema kaniki. Kaniki naifua kwa maji mamoja. Nyeupe inataka ya kufulia, ya kusuuzia, tena ya kutia buluu ya kung'arisha. Hayo ni maji ya nyumba nzima. Mtoto avae nyeupe, wenzake wanywe nini?"

"Kaniki ni nguo ya shamba, mama," mwalimu akasema kwa upole. "Tunataka watoto watoke shambani."

"Watoke, mwalimu. Ila kiu wataipeleka wapi?"

Wanawake wachache waliokuwepo wakaguna kumwunga mkono. Mwenye duka akasema bafta anayo ya kutosha, na hata kaniki anayo, yeye hana upande. Karani wa liwali akatazama saa. Niliona jambo linataka kulegea, na kwamba wakiahirisha, mdogo wangu ataendelea kuitwa Mfuko mwaka mwingine mzima. Tena, nisifiche, ile rangi ilikuwa rangi yangu. Katika shule ya misheni niliyoiacha Masasi tulivaa nyeupe, na nilipokuwa nikiwaza shule niliiwaza hivyo, wasichana wa nguo nyeupe pe wamepanga mstari chini ya majabali. Sikuweza kuona shule katika kaniki.

Nikasimama.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba."

"Mimi sina baba wala mama. Ninao wadogo zangu wawili hapa. Nalima, napika, nachota. Nasema nitawavika nyeupe na kila Jumatatu watakuja safi. Mimi yatima nikiweza, mwenye mume na kaya yake atashindwaje?"

Hakuna aliyecheka. Wanaume waliinamisha vichwa kama waliokaripiwa. Karani wa liwali akapiga meza kofi. "Mmesikia? Mtoto huyu amewashinda!" Mjomba aliyekuwa akitania kisima muda mfupi uliopita akajinyoosha, akawaangalia watu kwa fahari, kwa kuwa nilikuwa wa kwake.

Jirani alikuwa bado amesimama. Aliniangalia. Angeweza kuuliza neno moja tu mbele ya watu, maji ya nani? Nusu ya wale wanawake walijua, walikuwa wakimwona binti yake kila asubuhi akigeuka na debe kwenye njia ya kwetu. Hakuuliza. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akakaa.

Watu wengine waliofanya mabaya husema baadaye kwamba walijua wanadanganya. Mimi sikudanganya, na hilo ndilo linaloniuma. Niliyasema yale nikiyaamini. Niliona jembe langu, mikono yangu, mtungi wangu, na debe la mtoto yule sikuliona kabisa, ingawa asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimeoga maji yake.

Kikao kilipitisha nyeupe.

Mvua zilipoanza tulikuwa tumekwisha shona. Maji yalishuka kwenye paa, kila nyumba ikawa na mitungi, masufuria na madebe chini ya makuti, na Jumatatu ya kwanza nilikwenda kusimama barabarani niwaone. Walikuwa wazuri. Sitaki kusema uongo kwa sababu ya yaliyofuata. Mtoto wa mwenye duka alisimama kati ya watoto wa wakulima na ungetakiwa kumjua uso ili umtambue. Mdogo wangu alisimama karibu na binti wa jirani, wamevaa sawasawa, wameshikana vidole vya mwisho. Hakuna aliyeita Mfuko. Nilirudi nyumbani nikaimba nikipalilia.

Kiangazi kikaja. Udongo wa kwetu ni mwekundu na mwepesi, huingia kwenye kitambaa kama unga wa muhogo unavyoingia kwenye kinu. Bafta nyeupe kufikia Jumatano inakuwa na rangi ya chungu. Jumamosi nilifua kwa maji matatu kama nilivyofundishwa Masasi, nikatia buluu, nikaanika, nikapiga pasi ya mkaa, na Jumatatu wadogo zangu walipita mstari bila neno. Mwalimu aliwahi kumtoa mdogo wangu mbele ya wenzake kuwa mfano.

Kwa jirani mambo hayakwenda hivyo. Alikuwa ameteguka mguu kwenye genge, na kwa wiki kadhaa binti alishuka peke yake. Aliposhuka peke yake kulikuwa na debe moja tu. Mimi nilidhani wanagawana. Asubuhi moja niliinua kifuniko cha mtungi wetu nikaona maji yameongezeka kama kawaida, nikasema moyoni kwamba mguu wa jirani utakuwa umepona. Sikwenda kuuliza, wala sikujua kwamba debe lile linakuja kwetu karibu lote.

Jumatatu moja, jua limeanza kuwa kali, nilikuwa nyumbani nikipepeta mtama. Binti wa jirani akaja kutoka upande wa shule, peke yake. Gauni lake lilikuwa la udongo mpaka kiunoni, na mabegani lilikuwa na mistari ya maji yaliyomwagika kutoka kwenye debe na kukaukia pale.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Mwalimu kasema nikafue."

"Basi kafue, mdogo wangu. Jua lipo, litakauka."

Hakuondoka. Alisimama akiuangalia mtungi wetu. "Kwetu yamekwisha," akasema.

Ndani ya mtungi kulikuwa na maji, chini ya nusu. Niliyapanga kwa ugali wa jioni na kwa shati la mdogo wangu wa kiume ambaye alikuwa amelimwagia mafuta ya taa. Nilifikiri haraka kama mama wa nyumba anavyofikiri. Nikachota kata moja, nikampa.

"Kunywa kwanza. Kesho nikishuka nitakuletea ya kufulia."

Akanywa yote. Akarudisha kata kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akasema ahsante dada, akaenda.

Kesho yake mjomba alinihitaji shambani, sikushuka. Siku iliyofuata nilishuka, lakini nilipofika juu nilikuwa nimechoka na jua limekuwa kali, nikasema bado siku nyingi mpaka Jumatatu. Jumatatu akarudishwa tena. Mara ya tatu hakwenda kupanga mstari kabisa. Mdogo wangu ndiye aliyeniambia, akiwa anakula.

"Anajificha kwenye mikorosho mpaka kengele ya kutoka. Halafu ananiuliza tumesoma nini."

"Unamwambia?"

"Namwambia. Ila jana kasema nisimwambie tena."

Nilisukuma sahani, nikaenda kwa jirani. Nilimkuta amenyoosha mguu kwenye mkeka, anachambua kunde. Nilipiga magoti kumsalimu, akaitikia kama siku zote, akanisogezea kigoda.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mwanangu?"

"Kwamba binti anarudishwa. Kwamba maji hayatoshi."

"Nilisema. Nilisimama nikasema mbele ya watu. Wewe ukasimama nawe ukasema."

Alichambua kunde kidogo.

"Basi lile debe lisije tena kwetu," nikasema. "Kuanzia kesho lije hapa hapa. Afue. Arudi shule."

"Na mdogo wako?"

"Nitashuka mimi."

"Utashuka kila siku, na shamba la mjomba utalilima usiku? Hutaweza. Atakuja Jumatatu na gauni la udongo, naye atarudishwa. Tutakuwa na wawili kwenye mikorosho badala ya mmoja." Akanitazama usoni. "Huyu wangu amekwisha toka. Moyo wake umekwisha toka, namjua. Wako bado yumo. Acha aliyemo abaki."

"Mama, siwezi kukubali."

"Hujaulizwa. Kumpa mfiwa maji ni kazi yangu."

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu jioni hiyo hiyo. Alikuwa anakunywa chai barazani kwake. Alinisikiliza vizuri, hakuwa mtu mbaya, halafu akakuna shingo.

"Dada, mimi niliwapa rangi, ninyi mkaamua. Nikianza kumsamehe mmoja, kesho watakuja wote kwa kaniki. Tena wewe ndiye uliyewatia moyo."

"Nilikosea."

"Ulikosea wapi? Wadogo zako ndio safi kuliko wote shuleni."

"Kwa maji ya yule unayemrudisha."

Akaweka kikombe chini. Akasema ataitisha kikao baada ya mavuno, wakati watu wana nafasi. Nikamwomba kiwe wiki ile. Akasema liwali hatakubali kikao kikae kwa ajili ya mtoto mmoja. Mavuno yalikuwa mbali.

Baada ya mavuno kikao kilikaa. Nilisimama tena, na safari hii nilisema maji ninayofulia huchotwa na nani na huchotwa vipi, nikamtaja jirani kwa heshima yake mbele yake. Watu hawakushangaa. Mmoja wa wanawake alisema kwa sauti ya chini, lakini nilimsikia, "Ameamka sasa." Kikao kikapitisha kwamba mtoto avae rangi yoyote ya giza, kaniki, kaki au buluu, nguo nzima isiyo na tundu la aibu, na kwamba wakati wa kiangazi mtoto hatarudishwa nyumbani kwa sababu ya udongo. Mjomba alisema hilo ndilo alilokuwa akilisema tangu mwanzo. Nadhani ilikuwa sheria ya haki. Sijaona shule nyingine iliyoandika habari za udongo katika sheria zake. Ilipitishwa kwa urahisi, na urahisi ule uliniumiza, maana ningeweza kuupata mara ya kwanza kwa kukaa kimya tu.

Lakini baada ya mavuno wasichana huingizwa unyagoni, na binti wa jirani alikuwa amekwisha ingia. Alipotoka, amepakwa mafuta, amefungwa kanga mpya, amenenepa, mwalimu alikubali arudi, ila arudie darasa kwa kuwa amekosa mengi. Nilikwenda kumbembeleza.

"Nikakae na wale wanaojikojolea?" akasema. "Dada, mimi ni mtu mzima sasa. Nitawapangusa kamasi au nitasoma?"

"Mwaka mmoja tu. Halafu utawafikia wenzako."

"Wenzangu hawatangoja." Akacheka, si kwa uchungu, kama mtu anayekataa chakula kwa sababu ameshiba. Kabla ya mwaka kuisha akaposwa.

Tangu hapo nikaanza kuchota. Nilishuka kabla ya watu wote, nikapanda, nikamimina kwenye mtungi wa jirani wakiwa bado wamelala. Nilitaka mtungi wao ujae ili wasiwe na sababu ya kushuka. Hawakuwa watu wa kushindwa hivyo. Siku niliyowapelekea mtungi, jioni niliukuta wetu umejazwa. Nikipeleka miwili, ilirudi miwili. Mguu wake ulikuwa umepona vibaya, alichechemea, na bado alinirudishia. Nilimwambia, "Mama, niache nilipe." Akasema, "Unalipa nini? Sisi ni majirani." Hakulisema kwa kunikomoa. Hakuona deni, na mtu asiyeona deni huwezi kumlipa, kila unachompa anakipokea kama zawadi na kukurudishia nyingine.

Hata hivyo nilijiwekea nadhiri kwamba nitachota mpaka mmoja wetu afe. Mdogo wangu wa kike alimaliza darasa la nne, akachaguliwa kwenda shule ya kati, na siku alipoondoka jirani alimfunga mihogo ya kuchemsha ya njiani. Sasa mdogo wangu anafundisha Masasi. Anavaa nyeupe, amezoea.

Halafu bomba likafika. Serikali ilivuta maji kutoka bondeni kwa mashine, wakajenga kibanda, mtu akawa anakaa ndani akiuza maji kwa debe. Siku ya kwanza wanawake walipiga vigelegele mpaka wakakauka koo, na wakanywa hapo hapo. Mimi nilipiga vigelegele nao. Njia ya genge ikaanza kuota majani. Nilipoiona imeota nilielewa kwamba kitu pekee nilichojua kulipia deni langu kimeondolewa.

Nilikutana na binti wa jirani kwenye foleni ya kibanda. Alikuwa mke wa mtu wa karibu, ana mtoto mgongoni na mwingine, msichana, amemshika kanga. Nilitoa senti kumlipia debe lake. Akaushika mkono wangu.

"Acha, dada."

"Debe moja tu."

"Haya hayana kilima," akasema, akalipa mwenyewe. Akanitaka nimsaidie kujitwisha. Nikamtwisha, nikaona kisogo chake na shingo ilivyokuwa imara, shingo iliyobeba maji yetu tangu utotoni, naye akamwita yule msichana, wakaenda.

Miaka imepita tangu siku hiyo. Watu sasa wanazungumza habari za Uhuru, na shule yetu inaongezwa madarasa. Jirani yuko hai, macho yamepungua nguvu, na mimi humpikia siku ambazo wanawe wako mashambani. Binti yake hajui kusoma zaidi ya jina lake. Nilimwambia nitamfundisha, ninajua cha kutosha kumfikisha mahali. Alikuja jioni mbili, akasinzia, akaomba radhi. Ana jembe, ana watoto, ana mume anayetaka kula. Barua zikija ananiletea nimsomee.

Yule msichana wake ataanza shule mvua zikiisha. Wiki iliyopita nilimwambia mama yake kwamba gauni nitashona mimi, yeye achague tu rangi, kaniki au buluu, nami nitakwenda dukani kesho yake.

"Ngoja kwanza nimwulize mwenyewe," akasema.

Sijaletewa jibu. Nimekwisha safisha cherehani ya kuazima na kutafuta sindano. Lakini hata akichagua leo, nitakuwa nimemshonea mtoto. Ile miaka ya mama yake sijui inashonwa kwa uzi gani, na hakuna aliyenidai isipokuwa mimi.